Mama anaogopa chui milia wa Ranthambore: tupande ngomeni au tuache?

*"Nasoma Jaipur, India, mwaka wa pili. Desemba mama anakuja kunitembelea kutoka Morogoro, anakuja na mdogo wangu wa miaka 8. Nilipanga kuwapeleka Ranthambore, hifadhi ya chui milia yenye ngome ya kale juu ya kilima: siku ya kwanza safari ya gari, siku ya pili tupande ngome kwa miguu, kwa sababu hekalu la Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, liko huko juu na rafiki yangu wa darasani ameniomba nimfikishie kadi ya harusi ya dada yake. Sasa mama amesoma kwamba mwaka 2025 chui milia waliua watu palepale, na anasema hapandi. Wanafunzi wenzangu wananiambia chui milia anayeua watu ni mzee au kilema tu, na kwamba ukivaa kinyago kisogoni hakugusi. Mimi nimekulia njia ya Mikumi, sijawahi kuona mtu akishuka kwenye gari katikati ya hifadhi. Inawezekanaje huku watu watembee kwa miguu? Na je, twende au tuache?"*

Mdogo wangu, mama hajakosea kuogopa, na wewe hujakosea kutaka kumpeleka. Nendeni, lakini mpango wa kutembea kwa miguu kutoka bondeni uufute leo. Pandeni gari mpaka chini ya ngazi za ngome, muwe na watu wengine, jua likiwa limeshachomoza vizuri, na mkono wa mdogo wako usiuachie kwa dakika hata moja. Mkikuta njia imefungwa siku hiyo, geuzeni. Sasa niruhusu nieleze kwa nini nasema hivyo, maana ukishajua sababu utaweza kuamua mwenyewe papo hapo bila kunisubiri mimi.

Alichosoma mama ni kweli. Kati ya Aprili na Juni 2025, katika muda usiofika miezi miwili, watu watatu waliuawa katika eneo hilo hilo dogo. Wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka 7, akitoka hekaluni na familia yake. Wa pili alikuwa ofisa wa misitu, akiwa kazini karibu na Jogi Mahal, jumba la zamani la mapumziko lililoko kando ya ziwa chini ya ngome. Wa tatu alikuwa mlinzi wa hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, ndani ya ngome yenyewe. Zingatia hao ni akina nani: mmoja mtoto, wengine wawili ni watu walioijua sehemu hiyo kuliko mtalii yeyote. Mazoea peke yake hayakuwalinda.

Hapo ndipo maneno ya wenzako kuhusu mzee na kilema yanapoanguka. Ni imani ya zamani, na ina ukweli nusu. Simba wawili wa Tsavo, walioua vibarua wa reli mwaka 1898, wengi wao Wahindi, mmoja alikuwa na jino lililooza vibaya na mwenzake hakuwa na ugonjwa wa kiasi hicho. Huko kwetu kusini, Rufiji na Lindi, simba waliokuwa wakiua wakulima walikuwa wakifuata nguruwe pori mashambani; mnyama alifuata mlo wake, akamkuta binadamu amelala kwenye dungu akilinda mahindi. Na Ranthambore mwaka 2025 walioshukiwa hawakuwa vikongwe. Walikuwa vijana, watoto wa jike aliyejulikana kwa jina la Arrowhead, wenye umri wa karibu miaka miwili.

Habari ya Arrowhead inanihuzunisha, na ndiyo inayoeleza mengi. Alikuwa mjukuu wa Machli, chui milia jike aliyetawala maziwa ya chini ya ngome kwa miaka mingi, maarufu kwa kumuua mamba mkubwa mbele ya macho ya watalii, na aliyefariki mwaka 2016 akiwa na umri wa karibu miaka 20. Arrowhead alirithi maziwa hayo hayo. Kisha akaugua, akadhoofika, akashindwa kuwalisha watoto wake. Watumishi wa hifadhi wakawa wanampelekea mnyama aliye hai ili familia isife njaa. Ukiwa pale, unamwona mama na watoto wamekonda, moyo unakuambia uwasaidie. Lakini wahifadhi wengi wa India walilalamika, na mimi nakubaliana nao: kijana wa chui milia anayekua akiona chakula kinakuja pamoja na harufu ya binadamu, sauti ya gari na mlango unaofunguliwa, anapoteza ile hofu ambayo ndiyo ukuta halisi kati yetu na yeye. Chui milia wa kawaida akikusikia unakuja hujiondoa kabla hujamwona. Aliyelelewa hivyo hubaki amekaa, akikutazama. Baada ya vifo hivyo idara ya misitu ilianza kuwaondoa vijana hao eneo hilo, na Arrowhead mwenyewe alikufa Juni 2025.

Kwa hiyo Desemba utakapokwenda, wale walioshukiwa si hao utakaowakuta. Ila maziwa na ngome vitakuwa na wenyeji wengine wenye milia, maana mahali pazuri hapakai bila mwenyewe.

Sasa swali lako la Mikumi, ambalo nalipenda sana. Inawezekanaje watu watembee? Inawezekana kwa sababu ngome ilitangulia hifadhi kwa karibu miaka elfu moja. Kule Mikumi hifadhi ilichorwa, wageni wakaambiwa kaeni ndani ya gari. Ranthambore watu walikuwa wakipanda kilima hicho kuabudu wakati neno hifadhi halijatungwa. Mwaka 1973 India ilipoanzisha mradi wa kuwaokoa chui milia, Ranthambore ikawa miongoni mwa hifadhi 9 za kwanza, vijiji vilivyokuwa ndani vikahamishwa katika miaka iliyofuata, na mwaka 1980 ikawa hifadhi ya taifa. Vijiji vilihamishika. Hekalu halikuhamishika, na serikali gani India ingethubutu kumwambia Ganesh ahame? Njia ya mahujaji ikabaki wazi, inapita ndani ya msitu wa chui milia, na kila Jumatano, siku ya Ganesh, umati hupanda. Kwenye sikukuu ya Ganesh Chaturthi, Agosti au Septemba, ni mafuriko ya watu.

Ukitaka kuelewa kwa nini chui milia wanang'ang'ania mahali penye watu wengi hivyo, itazame ngome kwa macho ya mpiganaji. Iko juu ya mwamba unaoinuka kama meta 200 kutoka bondeni, kingo zake zimekatika wima. Njia ya kupanda ni moja, inapinda, na ina malango 7 yaliyopangwa ili adui akivunja moja ajikute ameminywa kwenye kona kabla ya kulifikia jingine. Milango mingine ina miiba ya chuma ya kuzuia tembo wa vita wasiisukume. Juu kuna zaidi ya hekta 100, zenye matangi ya maji yaliyochimbwa mwambani. Mwaka 1301 Sultani Alauddin Khalji wa Delhi aliizingira kumng'oa Hammir Dev wa ukoo wa Chauhan, ambaye alikuwa amewapa hifadhi waasi wa Kimongolia waliolikimbia jeshi la sultani. Jemadari wa sultani, Nusrat Khan, aliuawa na jiwe lililorushwa kutoka juu. Kuta hazikuvunjika. Njaa ndiyo iliyoingia, na wanawake wa ngome wakajitupa motoni wasitekwe. Mwaka 1569 Mfalme Akbar ilibidi aivute mizinga kwa makundi ya ng'ombe mpaka kilima cha jirani, ndipo Surjan Hada, aliyeishika ngome wakati huo, akasalimu amri.

Sasa badilisha macho, uitazame ngome hiyo hiyo kama chui milia. Mwamba uliokatika wima, kwake ni baraza la kutazamia mawindo. Matangi ya Hammir ni maji wakati Mei na Juni joto linapopita nyuzi 40 na vijito bondeni vinakauka. Kasri zilizobomoka zina vyumba vya mawe vyenye giza na ubaridi, vichaka vimejiotea humo, na jike hawezi kupata mahali pazuri zaidi pa kuficha watoto. Lango lililojengwa kumkwamisha tembo, yeye analipita usiku kimya kimya, au anaruka ukuta ulipobomoka. Chini kuna maziwa matatu, Padam, Rajbagh na Malik, ambako sambar, kulungu wakubwa wa huko, huingia majini mpaka kifuani kula majani. Kilichoifanya ngome isishindike ndicho kinachoifanya iwe nyumba bora ya chui milia: mwinuko, maji na maficho. Masultani walipigania maji hayo; majike wa ukoo wa Machli nao wamepigania hayo hayo, mama na binti.

Katikati ya enzi hizo mbili ilikuwa zamu ya wawindaji. Ngome iliangukia mikononi mwa wafalme wa Jaipur katika karne ya 18, na mji utakaoshukia, Sawai Madhopur, umepewa jina la mmoja wao, Sawai Madho Singh. Msitu ukawa shamba lao la kuwindia, ukalindwa kwa ajili ya bunduki. Hata mwaka 1961 mume wa Malkia Elizabeth, Prince Philip, alipiga chui milia huko akiwa mgeni wa mfalme wa Jaipur. Leo ngome, pamoja na nyingine tano za Rajasthan, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2013.

Kuna jambo jingine linalovuta hatari, na hili linatokana na mikono yetu. Ukifika utakuta nyani wa kijivu wenye mikia mirefu, wanaitwa langur, ndugu wa karibu wa mbega wetu. Mahujaji huwapa mbaazi, ndizi, mikate, kwa nia njema kabisa ya dini. Chakula hukusanya langur, na langur ni kitoweo cha chui na chui milia. Ni kisa kile kile cha nguruwe pori wa Rufiji. Kwa hiyo ninakuomba: mdogo wako akitaka kumrushia nyani ndizi, mkataze, hata kama watu 20 wanafanya hivyo mbele yenu.

Kuhusu kinyago. Asili yake ni Sundarbans, misitu ya mikoko ya Bengal, ambako katika miaka ya 1980 wavuna asali na wakata kuni walivaa vinyago kisogoni kwa sababu chui milia hupendelea kuvamia kwa nyuma. Inasemekana vilisaidia kwa muda, kisha wanyama wakaanza kuushtukia ujanja huo. Ranthambore havitumiki, na sitaki mama aweke matumaini yake kwenye sura ya plastiki. Kilicho cha kweli katika wazo hilo ni namna mnyama huyu anavyowinda. Simba unaowajua huwinda wakiwa kundi, mahali pa wazi. Chui milia huwinda peke yake, kwa kunyemelea akiwa ndani ya majani au nyuma ya jiwe, na hurusha mwili wake akiwa amebakiza meta chache tu. Anatafuta umbo la mnyama: lililo chini, lililoinama, dogo, lililotengana na wenzake. Mtu mzima aliyesimama wima, katikati ya watu wanaozungumza, si umbo hilo. Mtoto aliyekimbilia mbele ni umbo hilo. Aliyechuchumaa kichakani kujisaidia ni umbo hilo pia. Hii ndiyo sababu narudia habari ya mkono wa mdogo wako mpaka nikuchoshe.

Uzito wa hatari yenyewe ni upi? Mwaka 2005, ujangili ulipopamba moto, Ranthambore ilihesabiwa chui milia 26 tu. Leo wanazidi 60. Hifadhi yote ni kama kilomita za mraba elfu moja mia nne. Serengeti ni kubwa kuliko hiyo zaidi ya mara 10. Wanyama wameongezeka, eneo halijaongezeka, na vijana wanaofukuzwa na mama zao wakifika umri wa miaka miwili hawana pa kwenda, ndiyo maana wanajibanza kwenye pembe kama ngome. Upande wa pili, mahujaji wanaopanda kwa mwaka ni wengi mno, na kwa miongo mingi karibu wote wameshuka salama. Mtu akikuambia hakuna hatari, anakudanganya. Akikuambia ni kujiua, naye anakudanganya.

Njia zenu basi ni hizi. Kutembea kutoka lango la msitu mpaka chini ya ngome ni kilomita kadhaa za vichaka pande zote. Hiyo siikubali, si kwa mama wala kwa mtoto. Kupanda gari mpaka chini ya ngazi, kisha ngazi za mawe pamoja na umati, naikubali, mradi muanze kama saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri muwe mmeshashuka. Hapo huhitaji tiketi ya safari, maana ngome na hifadhi zina taratibu tofauti. Watu wengi huchanganya. Ukishafika juu, baki kwenye njia ya hekalu na majengo yanayotembelewa, kama ukumbi wa nguzo 32. Yale mabomoko ya mbali yenye vichaka yanavutia kupigia picha, yaacheni. Ikiwa magoti ya mama yanamsumbua, ngazi zile ni ndefu na mawe yake yamelainika kwa miguu ya karne nyingi, kwa hiyo amuulize kwanza daktari wake huko Morogoro kama presha na magoti vinaruhusu. Hakuna aibu mama akabaki na safari ya gari peke yake. Ngome inaonekana vizuri mno kutoka ziwa Padam, tena kwa maoni yangu huko ndiko inakopendeza kuliko ukiwa juu yake.

Kwa hiyo safari ya gari ifanyeni bila wasiwasi. Kuna gari dogo la wazi la watu 6 na lori la wazi la watu 20, nao wanaliita canter kama sisi. Chukueni dogo. Maeneo ya maziwa yako zaidi katika kanda ya 3 na ya 4, na nafasi za Desemba huisha mapema, kwa hiyo weka nafasi sasa kwenye tovuti ya serikali ya Rajasthan kwa namba za pasipoti, kisha mje na pasipoti zenyewe. Asubuhi za Desemba ni baridi kali ndani ya gari lisilo na vioo. Mama wa Morogoro atahitaji koti zito, na shuka juu yake. Wala usimwahidi mdogo wako kwamba lazima mtamwona chui milia. Mwambie asikilize: sambar akipiga mlio mmoja mkavu, au langur akikohoa juu ya mti huku anatazama upande mmoja, kuna mwenye milia anatembea chini. Mtoto wa miaka 8 akishajua hilo, hata asipomwona chui milia atarudi na hadithi.

Ikitokea mkamwona mkiwa kwa miguu, msikimbie na msimpe mgongo. Mnyanyue mtoto, simameni pamoja, mrudi kinyumenyume taratibu kuelekea kwa watu, mkizungumza kwa sauti ya kawaida, nzito. Msisogee kupiga picha.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi yangu hayatoshi. La kwanza ni hali ya njia. Tangu 2025 masharti ya kupita hubadilika kila chui milia anapoonekana karibu. Jioni ya kuamkia siku hiyo, nenda mwenyewe ofisi ya misitu Sawai Madhopur uulize, usitegemee dereva anayetaka nauli. La pili ni nyani. Kwa kweli uwezekano wa mdogo wako kukwaruzwa na langur ni mkubwa kuliko wa kumkaribia chui milia. Akikwaruzwa au kuumwa hata kidogo, oshani jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Msingoje mrudi Jaipur.

Na kadi ya rafiki yako isikupe presha. Ganesh wa Ranthambore hupokea kadi za harusi kutoka India nzima, na nyingi haziletwi kwa mkono. Zinaandikwa jina lake, ngome ya Ranthambore, Sawai Madhopur, zinatiwa kwenye sanduku la posta, na tarishi anazipandisha. Kuhani huzifungua na kuzisoma mbele ya sanamu. Mkikuta njia imefungwa, nunua stempu mjini.